Ua Lililoota Mkononi

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne, pamoja na wazazi wao, katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Wengi waliniomba niiandike kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni karibu yale yale.

Assalaam aleikum. Hamjambo? Na nyinyi wa nyuma, mwanisikia?

Wazee wetu, mama zetu, walimu, na nyinyi wadogo zangu mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha, ahsanteni kwa kuja. Namsalimu pia mama yangu, yule pale mstari wa mbele, aliyejifunga leso ya samawati. Shikamoo, mama. Wengi humu mnamjua. Wengine siku ya harusi zenu mikono yenu ilipita mikononi mwake. Mtaelewa baadaye kwa nini nimemwomba aje, na kwa nini amekuja na kikapu chake.

Nimeitwa niwaeleze jinsi nilivyojua kwamba nataka kazi ya uhuishaji na michoro ya kompyuta. Vibonzo, kama wengi mnavyoiita. Kila ninapoalikwa mahali swali huwa lile lile: "Dada, ulijuaje?" Na anayeuliza hutazamia kisa kimoja kizito, kama mtu aliyeoteshwa usiku akaamka asubuhi anajua njia yake. Kisa hicho sina. Nilicho nacho ni mkono wa bi harusi.

Mwaka ni 2009, niko kidato cha pili, tunakaa Kibokoni. Mama anampaka bi harusi hina. Kazi yangu ilikuwa kukamua ndimu, kuchanganya na sukari, na kudondoshea juu ya hina inapoanza kukauka ili isibanduke mapema. Usiku huo mjomba aliniachia simu yake yenye kamera, ile ya vibonye, na mama akaniambia, "Nikimaliza, piga picha moja, shangazi zake walioko Lamu waione."

Picha moja. Lakini mama alipochora kikonyo cha kwanza kifundoni, akainua koni ya hina, mimi nikabonyeza. Akachora jani, akainua koni, nikabonyeza. Akaongeza la pili, nikabonyeza. Sikujua ninatafuta nini. Kufikia saa sita usiku nilikuwa na picha 48 za mkono mmoja.

Nilipolala nikaanza kuzitazama. Nikashikilia kibonye bila kukiachia, zikaanza kupita mbio. Na nikaona, wadogo zangu, nikaona kikonyo kinatambaa chenyewe kutoka kifundoni. Kikagawanyika. Kikatoa majani. Kikafika nyuma ya kiganja, na pale ua likafunguka, petali moja baada ya nyingine. Mkono wa mama haukuonekana hata mara moja, kwa sababu kila mara nilisubiri ainue koni. Ua liliota lenyewe kwenye ngozi ya mtu.

Mtadhani hapo ndipo nilipojua. La. Hapo nilifurahi tu, na kufurahi hufurahi kila mtu. Ni nani humu asiyefurahia vibonzo? Inueni mikono. Mwaona, hakuna.

Nilijua dakika kumi baadaye, nilipozitazama mara ya ishirini na kitu kikaanza kuniudhi. Ua liliota vizuri, lakini mkono wenyewe ulikuwa ukirukaruka, mara juu, mara kando, kama mkono wa mwenye homa. Kosa lilikuwa langu. Nilishika simu hewani, na kila picha niliipiga kutoka mahali tofauti kidogo. Sikulala. Nikawa nawaza: nikiifunga simu mgongoni pa kiti? Bi harusi akiuweka mkono juu ya mto? Harusi ya pili nikafunga simu kwa kitambaa, mkono ukatulia, lakini mwanga ukawa unacheza kwa sababu watu walikuwa wakipita mbele ya taa. Harusi ya tatu nikahamisha taa. Harusi ya nne nikawaomba watu wapite nyuma yangu, na shangazi mmoja akaniuliza kama nimekuwa mkubwa wa nyumba.

Ndugu zangu, hili ndilo ninalotaka mwondoke nalo mapema, kabla hamjachoka kunisikiliza. Usijiulize unapenda nini. Tunapenda vitu vingi. Jiulize ni kosa gani linakunyima usingizi. Ukiona vibonzo ukacheka, wewe ni mtazamaji, na watazamaji twawahitaji sana. Ukiona vibonzo ukasema, "Huyu ametembea vibaya, mguu umeteleza," kisha ukarudisha nyuma kutazama tena na tena umeteleza wapi, mwanangu, njoo tuzungumze.

Kuna mtu nataka mumjue. Anaitwa Ed Catmull, ni Mmarekani. Utotoni alitamani kuwa mchoraji wa vibonzo. Akaona hana mkono wa kuchora wa kutosha, akaenda kusoma fizikia na kompyuta. Wangapi humu mmeshaambiwa, au mmejiambia, "Mimi siwezi kuchora, basi"? Msikilizeni huyu. Mwaka 1972, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, alitengeneza kielelezo cha plasta cha mkono wake mwenyewe wa kushoto. Kisha akachukua wino akachora mistari juu ya ule mkono, akaugawa vipande kama 350, vya pembetatu na vya pembe nyingi. Akapima kila ncha ya kila kipande na kuingiza namba zile kwenye kompyuta. Yeye na mwenzake Fred Parke wakatoa filamu fupi ambamo mkono ule unageuka, unafungua vidole na kuvifunga. Ni miongoni mwa michoro ya kwanza ya kompyuta yenye umbo kamili iliyowahi kusogea.

Niliyasoma hayo saiba, Mwembe Tayari, shilingi moja kwa dakika. Nikasahau kutazama saa. Mtu ameketi na mkono, anachora mistari juu yake, kwa subira, kutoka kifundoni kwenda vidoleni! Mimi nilikuwa nimeishi na mtu kama huyo miaka kumi na sita, ananitengenezea chai.

Na kwa nini pembetatu? Nyinyi mnaokimbia hesabu, tegeni sikio. Mama zetu wamepika juu ya mafiga tangu zamani, na mafiga ni matatu. Kwa nini matatu? Kwa sababu chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata kama figa moja ni fupi. Ukiweka manne, moja likipungua kidogo, chungu chacheza. Nukta tatu daima hukaa kwenye bapa moja. Kompyuta nayo inategemea hilo hilo. Uso wa mtu, gari, bahari, simba, karibu chochote unachokiona kwenye filamu za namna hii, mara nyingi mwishowe huvunjwa kuwa pembetatu, maelfu au mamilioni, kwa sababu pembetatu haiyumbi. Nikifundisha huanzia kwenye mafiga, na sijaona mwanafunzi wa Mombasa aliyeshindwa kuelewa.

Kutoka mkono ule wa 1972 hadi filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, Toy Story ya 1995, ilipita miaka 23. Catmull alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni iliyoitengeneza, Pixar. Miaka 23, wadogo zangu. Kuna waliozaliwa, wakasoma, wakaoa ndani ya muda huo. Na nyinyi mnaniandikia, "Dada, nimejaribu wiki mbili, sioni maendeleo."

Sasa niwaeleze wiki zangu.

Kule saiba palikuwa na kijana mmoja aliyeniwekea Blender kwenye flashi. Blender ni programu ya kuundia maumbo na kuyachezesha. Ilianzia Uholanzi, mwanzilishi wake ni Ton Roosendaal. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiiuza ilikuwa imekufa, na watu walioipenda, wa nchi mbalimbali, wakachanga euro 100,000 kwa wiki 7 ili inunuliwe na kuwa mali ya kila mtu. Tangu Oktoba mwaka huo ni ya bure. Si bure ya siku thelathini kisha ulipe. Bure kabisa. Wazazi mnaohofia gharama, tafadhali likumbukeni hilo, nitalirudia.

Zoezi la kwanza wanalopewa wanafunzi wengi wa uhuishaji duniani ni mpira unaodunda. Mpira tu. Nikafikiri nitaumaliza siku moja. Nikaweka mpira juu, nikauweka chini, nikauweka juu tena, kompyuta ikajaza katikati. Ukashuka na kupanda. Lakini ulikuwa mpira wa ajabu, umetundikwa kwa uzi na mtu anauvuta. Hauna uzito. Nikafuta. Nikarudia. Nikafuta.

Wiki nzima sikujua kosa liko wapi. Kisha jioni moja nikasimama pale uwanjani nyuma ya kwetu, watoto wanacheza mpira wa karatasi, ule wa makaratasi na nailoni uliofungwa kwa kamba. Mmoja akaupiga juu sana. Ukapanda, ukasita, ukaanza kurudi polepole, halafu ukaja mbio, pu! Haukudunda. Ulilala pale pale. Na huo ndio mpira niliokulia nao! Nilikuwa natengeneza mpira unaodunda ilhali mkono wangu unakumbuka mpira usiodunda.

Nikakopa mpira wa ngozi. Nikamwomba mdogo wangu audundishe chini, kando ya ukuta, kwenye kivuli, nami nikapiga video, nikaitazama picha kwa picha, nikatia nukta kwa kalamu kwenye karatasi. Tazameni, nawachorea kwa kidole hapa hewani. Mpira ukiwa juu kabisa, nukta zinakaribiana, zinasongamana, kana kwamba mpira unafikiri. Ukianza kushuka, nafasi inakuwa kubwa, kubwa zaidi, kubwa zaidi, na karibu na sakafu nukta mbili zimeachana kwa shibiri nzima. Ukigusa chini, unabonyea kidogo, unakuwa kama andazi. Ukiondoka unarefuka. Juu tena nukta zinasongamana, chini kidogo kuliko mara ya kwanza, kwa sababu nguvu imepotea.

Siku hiyo nikajua kwamba uzito hauchorwi. Uzito unaonekana katika nafasi kati ya picha na picha. Ukitaka mpira uwe mzito, usiutie rangi nyeusi. Upunguzie kudunda na uharakishe kutua kwake. Ukitaka mzee aonekane mchovu, miaka yake haimo kwenye mikunjo ya uso. Imo katika ule muda anaoutumia kabla ya kuinuka kitini.

Wazee wa kazi hii wameyapanga hayo kwa kanuni. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi kwa Disney miaka mingi, waliziandika kanuni 12 katika kitabu chao cha 1981, na kule kubonyea na kurefuka ndiyo ya kwanza. Zisomeni. Lakini nawaomba mkazitazame kwanza Likoni. Simameni pale kivukoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tazameni mtu mwenye mkokoteni wa madumu ya maji anavyouanzisha: mwili wote unaegemea mbele kabla gurudumu halijatikisika. Tazameni mama aliyebeba mtoto mgongoni anavyogeuka, shingo kwanza, bega baadaye, leso mwisho. Tazameni umati lango linapofunguliwa, wa mbele wanakimbia, wa katikati wanatembea, wa nyuma bado wamesimama, kama wimbi. Vyuo vya ng'ambo huwalipa watu watembee mbele ya wanafunzi darasani ili wanafunzi wachore mwendo. Sisi kivuko kiko mlangoni, na anayevuka kwa miguu halipi.

Hesabu yenyewe ni hii, ili msije mkasema sikuwaambia. Filamu hupita kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde. Dakika moja ni fremu 1,440. Wanaochora kwa mkono mara nyingi hutumia mchoro mmoja kwa fremu mbili, kwa hiyo dakika ni michoro 720. Mwanamke mmoja wa Ujerumani, Lotte Reiniger, alikata watu wa karatasi nyeusi kwa mkasi, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akawasogeza kidogo kidogo na kupiga picha. Alifanya hivyo kwa miaka 3, na mwaka 1926 akatoa filamu ndefu ya vivuli ambayo kisa chake kimetoka katika Alfu Lela Ulela, hadithi zile zile tulizosimuliwa na nyanya zetu hapa. Mkasi, karatasi, taa. Vifaa hivyo viko katika kila nyumba iliyoko kati ya hapa na Makadara.

Nina kisa kingine, cha ukuta.

Baada ya shule nilijipa kazi mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilitaka kuunda kichochoro kimoja cha Mji wa Kale kwenye kompyuta. Nikaunda kuta, roshani, mlango wa nakshi, baraza. Nikaweka jua. Upande wa jua ukapendeza, upande wa kivuli ukawa mweusi kama lami. Nikaongeza taa. Kikawa kama chumba cha hospitali. Nikapunguza, lami ikarudi.

Nikaenda kuketi kwenye baraza ya kichochoro chenyewe, karibu na Ndia Kuu, siku tatu mfululizo, saa tano asubuhi. Siku ya pili mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, umepoteza nini?" Nikamwambia, "Babu, natafuta mwangaza wa ukuta huu unatoka wapi, na jua haliufikii." Hakunicheka. Akaketi. Tukatazama pamoja. Kisha akaniambia, "Si waazima kwa jirani."

Waazima kwa jirani! Jua linapiga ukuta wa chokaa upande huu, na ukuta ule unalirudisha upande wa pili, na kwa kuwa chokaa imezeeka imekuwa ya manjano, kivuli nacho kina umanjano. Chini ya mlango wa samawati, sakafu ina usamawati mwembamba ambao ukiutazama moja kwa moja unakimbia. Mwaka 1986 mtaalamu aitwaye James Kajiya aliandika mlinganyo unaoeleza jambo hilo: kwamba mwanga unaotoka kila mahali ni ule wake wenyewe pamoja na ule uliopokewa kutoka kila upande mwingine na kurudishwa. Programu za leo, Blender ikiwemo, zinakisia jibu la mlinganyo huo kwa kufuata miale moja moja, inagonga hapa, inaruka pale, inagonga tena. Ndiyo maana picha moja inaweza kuchukua dakika nyingi, hata saa. Kompyuta inakwenda kuuliza kila ukuta, "Umeazima kwa nani?" Mzee yule hakuwahi kushika kompyuta. Alikuwa ameketi barazani miaka sabini.

Nilirekebisha. Usiku ule ilipotoka picha ya kwanza yenye umanjano kivulini, nilimwamsha mama. Akatazama, akasema, "Hapa ni kwa kina nani?" Alidhani ni picha ya kamera.

Wazazi wangu, sasa ni zamu yenu, na nitasema kweli tupu. Kazi hii ina miezi mikavu. Nimewahi kufanya kazi nikalipwa nusu, nikapigiwa hesabu za kesho hadi nikachoka kuuliza. Mara moja nilikuwa na tangazo la sekunde 30, fremu 720, mteja anataka asubuhi. Niliagiza kompyuta itoe filamu nzima kama faili moja ya video, nikalala. Saa tisa usiku stima zikapotea. Faili haikufunguka tena. Kazi ya usiku mzima, hakuna. Mteja akaenda kwa mwingine, na haki yake. Tangu siku hiyo kila fremu naitoa kama picha yake peke yake, nazipanga mwisho. Stima zikipotea kwenye picha ya 500, zile 499 zipo. Vijana, andikeni hilo, litawaokoa.

Lakini msidhani mtoto anayeketi mbele ya kompyuta anachora amekataa kazi. Katika fani hii kuna mwandishi, kuna mchora ubao wa hadithi, yaani michoro ya kuipanga filamu, kuna muunda maumbo, kuna anayetia mifupa na viungo ndani ya umbo ili liweze kusogea, kuna mtu wa taa, wa sauti, wa hesabu na programu. Majengo yanayouzwa kabla hayajajengwa huonyeshwa kwa michoro hii. Madaktari hujifunzia kwayo. Na gharama ya kuanza imeshuka hadi mlangoni kwenu. Filamu moja ya Latvia, nchi ndogo sana, ikishirikiana na Ufaransa na Ubelgiji, iliyotengenezwa kwa programu hii hii ya bure ya Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji mwaka 2025. Inaitwa Flow, na mwongozaji wake ni Gints Zilbalodis. Ninaposema bure, nasema kitu kilichofika huko.

Kuna swali la akili bandia, najua mtaniuliza, basi nijibu upesi. Ndiyo, mashine sasa zinatoa picha, na kazi ndogo ndogo nilizokuwa nikipewa zamani baadhi haziji tena. Inauma. Lakini bado kuna mtu anayepaswa kuona kwamba mguu umeteleza, na mtu huyo ni yule aliyekaa Likoni akatazama.

Nina neno moja zito. Kampuni moja ya nje, sitaitaja, iliwahi kunipa kazi ya kuunda mtaa wa mtoto wa Kiswahili. Nikawaundia kichochoro changu, roshani, mlango, umanjano wote. Wakanirudishia wakisema hakionekani kama Afrika. Waliniagiza niondoe roshani, niweke vibanda vya nyasi na mbuyu mkubwa nyuma. Nilikuwa na kodi ya nyumba. Nikaondoa. Mlango wa nakshi niliouchonga wiki mbili, nikaufuta kwa kubonyeza mara moja. Watoto sijui wangapi wameuona mtaa ule wakaambiwa ndio kwetu. Makosa mengine yote niliyowaeleza leo niliyarekebisha. Hilo sikulirekebisha, na bado linaniamsha.

Kwa hiyo nikiwaita, ninawaita kwa sababu hiyo. Hatuanzi sifuri. Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akitengeneza vibonzo tangu miaka ya 1960. Nairobi ilitengeneza Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa 2010, kwa mtindo wa uchoraji aliouanzisha Edward Tingatinga kule Dar es Salaam. Dar yenyewe ina Ubongo Kids tangu 2014, hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mwaka 2023 zikatoka filamu fupi 10 za waongozaji wa Afrika chini ya jina la Kizazi Moto, neno letu wenyewe, na mmoja wa waongozaji ni Mkenya, Ng'endo Mukii. Lakini Pwani, ndugu zangu? Pwani tuko wapi?

Ni nani atakayetuchezeshea Fumo Liyongo? Mnakijua kisa. Amechomwa sindano ya shaba kitovuni, amejikokota hadi kisimani, amepiga goti, ametia mshale upindeni, na akafa vivyo hivyo. Watu wa mji wakamwona kwa mbali, na hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai. Mji mzima una kiu kwa sababu ya mtu asiyetikisika! Utamchezeshaje? Fremu 24 kwa sekunde, na zote ziko sawa, na mtazamaji lazima aogope. Utasogeza nini? Kamba ya upinde kwa upepo? Inzi mmoja? Kivuli chake mchanga unavyokibeba kutoka asubuhi hadi jioni? Mimi nimejaribu mara nne. Haijakaa. Mara ya mwisho nilisogeza nguo tu, na nguo ikafanya aonekane amekufa mapema mno. Labda mmoja wenu hapa sakafuni ameshaona nilipokosea. Nawaona wawili wananong'onezana. Nikimaliza njooni mniambie, sisemi kwa adabu, nasema kwa shida.

Nimekula saa yenu. Maneno yatosha, tufanye kazi.

Mama, tafadhali njoo mbele na kikapu chako. Kiti hiki. Mwalimu, nisaidie tulifunge hili dirisha, mwanga usichezecheze. Wadogo zangu, wenye simu pangeni foleni huku kushoto, zifungeni kwenye migongo ya viti, vitambaa viko ndani ya mfuko huu. Msibonyeze mpaka mama ainue koni. Akiinua, bonyezeni. Akiinua tena, tena. Asipite mtu mbele ya taa.

Sasa, nani ananipa mkono wake?